UZI: Semina inamfundisha kijana baridi na viza, nani anamfundisha kuiongelea Tanzania akifika huko?

#1 Bi_Mwananyamala

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka ausevu asome baadae.

Mimi nilienda Marekani kwa Fulbright, programu ya serikali yao ya kubadilishana wasomi, ile ya kufundisha Kiswahili, FLTA. Unakaa mwaka mmoja wa masomo kwenye chuo chao, unawafundisha wanafunzi wao Kiswahili na wewe mwenyewe unachukua kozi mbili kila muhula, angalau moja lazima ihusu Marekani. Tangu nirudi nimekua naitwa kusaidia kuwaandaa wanaoondoka, kuna wa FLTA, kuna watoto wa YES wanaoenda kukaa na familia na kusoma sekondari kule mwaka mzima, na kuna wakubwa wa Mandela Washington, ile ya viongozi vijana wa Afrika, wanaoenda wiki sita. Sasa kuna jambo linaniuma na nataka tulijadili hapa bila kuoneana haya.

Programu zote hizi zinasema mshiriki ni balozi wa nchi yake. Sio yule wa bendera kwenye gari, balozi raia, mtu wa kawaida anayekaa mezani na watu wa kawaida. Haya, njoo kwenye semina ya siku mbili kabla ya safari uone kinachofundishwa. DS-2019, ile fomu ya kuombea viza, usiipoteze, bima inalipa nini na hailipi nini, koti la baridi nunua kulekule usihangaike na la mtumba, usipitilize viza, ule mshtuko wa utamaduni na grafu yake inayopanda na kushuka. Vyote vya maana sana, sivibezi. Ila siku mbili nzima tunafundishwa Marekani. Tanzania inapewa dakika kumi za mwisho, mgeni rasmi anasema "mkaiwakilishe vema nchi yetu", makofi, picha ya pamoja, tunaenda kula.

Wiki ya kwanza tu kijana kakaa mezani na familia, au kasimamishwa mbele ya darasa, anaulizwa. Wamasai wa Loliondo walifukuzwa kweli? Zanzibar ni nchi au sio nchi? Hiyo hijabu umelazimishwa? Kwanini kwenu watu wenye ualbino waliuawa? Na majibu niliyoyasikia ni ya aina mbili na yote hayafai. Wa kwanza anageuka msemaji wa wizara, Tanzania ni kisiwa cha amani, hakuna ukabila, karibuni Serengeti, kamaliza. Wa pili anaona akiponda kwao ndo ataonekana msomi, kila kitu Afrika kibovu, viongozi wote wezi, wenyeji wanatikisa vichwa kwa huruma na yeye anaona kaongea. Wote wawili wanaosikiliza wanaondoka na kilekile walichokuja nacho.

Ninachofanya mimi nikipewa nafasi ni kuweka kiti kimoja mbele. Mmoja anakaa, wenzake wanamuuliza maswali mabaya kabisa waliyowahi kuyasikia au wanayoyaogopa, dakika tatu. Juzi hapa alikaa binti wa miaka 16 kutoka Pemba, akaulizwa la hijabu. Jibu lake la kwanza "dini yetu inatuamrisha", kimya, mazungumzo yamekufa hapohapo. Hajasema uongo, ila kafunga mlango. Tukamwambia hebu tuambie wewe kama wewe, acha kutoa fatwa. Akatulia kidogo akasema, nimeanza kuvaa tangu chuoni kwa maalim nikiwa mdogo, mama yangu anavaa, naipenda, siku hizi nachagua rangi mwenyewe, na darasani nakaa dawati moja na msichana Mkristo asiyevaa na tunagombania kalamu kila siku, nyie huku shuleni mnavaaje? Chumba kizima kilibadilika. Kamaliza na swali, kampa mwenzie nafasi ya kuongea, na hajamsingizia mtu wala hajamtetea mtu.

La Loliondo tunalifanya kwa urefu zaidi maana linaulizwa mno. Lazima ujue kilichotokea. Juni 2022 serikali ilikwenda kuweka vigingi kwenye eneo la kilomita za mraba 1,500 kulifanya pori tengefu, wananchi wakapinga, askari polisi mmoja akauawa, wananchi wakajeruhiwa na wengine wakavuka kwenda Kenya kutibiwa, kesi ikafika mpaka Mahakama ya Afrika Mashariki. Serikali inasema ni kulinda vyanzo vya maji na mapito ya wanyama, wanakijiji wanasema ni ardhi ya vijiji vyao. Ukishayasema hayo unaweza ukaongeza "mimi naona hivi", ni haki yako kabisa. Ila kijana anayetoka Dar na hajawahi kufika hata Ngorongoro, hajui yametokea lini, huyo hata akiwa na Kiingereza cha BBC atawakilisha nini?

Hoja yangu ni hiyo. Kabla hatujamfundisha Marekani, tumfundishe kwao, na tumwambie wazi kwamba yeye ni raia, hakutumwa na serikali kuitetea na hakutumwa na mtu kuichafua. Karibuni.

#2 Mkata_Issue

Mkuu heshima yako ila mimi naona mnajidanganya. Hizi ni hela za Wamarekani na wanajua wanachonunua. Wanachukua vijana wenye akili, wanawalainisha wiki sita, wanarudi huku wanaongea puani na kuitetea Marekani kwenye kila mjadala. Balozi wa Tanzania au balozi wa Marekani nyumbani? Hiyo YES yenyewe si ilianzishwa baada ya Septemba 11, wakalenga nchi zenye Waislamu wengi. Bahati mbaya hiyo?

#3 Bi_Mwananyamala

Mkata_Issue sikubishii, na ulichosema kuhusu YES ni kweli, bunge lao liliianzisha 2002 kwa sababu hiyohiyo na wala hawafichi. Wana maslahi yao. Wachina wana ya kwao wakitoa skolashipu na kuweka Taasisi ya Confucius pale Mlimani na Dodoma, Wajerumani wana ya kwao na DAAD, Waingereza na Chevening. Hakuna anayelipa nauli ya ndege bure.

Ila tuitazame Fulbright yenyewe. Sheria ilisainiwa Agosti 1946, hela ya kuanzia ilitokana na kuuza mali za kivita zilizobaki kwenye nchi za watu baada ya vita kuu, malori na vifaa vilivyokua vinaozea huko. Senata Fulbright wa Arkansas ndo alileta wazo. Huyohuyo mwaka 1966 akiwa mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje ya seneti aliendesha vikao vya wazi kuhoji vita ya Vietnam, na rais aliyekua madarakani ni wa chama chake mwenyewe. Na huyohuyo, miaka kumi kabla, alisaini ule waraka wa wabunge wa kusini wa kupinga watoto weusi na weupe kusoma shule moja. Mimi nikifundisha nayasema yote matatu. Vijana wanashangaa, wanauliza kumbe unaweza ukaitumikia nchi yako na ukaipinga hadharani. Ndio, unaweza. Sasa wakishaona inawezekana kwa mwenye programu mwenyewe, kwanini isiwezekane kwa Mtanzania?

Na kuhusu kulainishwa, anayelainika kirahisi ni yule aliyeondoka hana chake. Mwenye chake anabadilishana.

#4 Mzee_wa_Ruvu

Binti umeandika vizuri. Niwape ya zamani. Mimi nilikwenda Moscow mwaka 1983, Chuo cha Lumumba. Kabla ya hapo nilipita JKT kama wenzangu wote wa kidato cha sita enzi hizo, na huko siasa ilikua ni somo. Azimio la Arusha tulilijua kama sala. Ukombozi wa kusini tulikua tunaujua kwa majina ya kambi, Kongwa, Nachingwea, Mazimbu. Kwenye bweni letu kule kulikua na Waganda, na vita ya Kagera ilikua imeisha 1979, ya jana tu. Walituuliza usiku wa kwanza kabisa, nyie mlikuja kwetu kufanya nini? Tulijua pa kuanzia, tukaanza na Oktoba 1978 Amin alipoingia Kagera. Tuliongea mpaka alfajiri, na yule aliyeuliza kwa ukali kuliko wote ndiye nilipika naye ugali kwa miaka mitano. Vijana wa sasa mnaondoka na simu nzuri, historia hamna. Rudisheni lile somo.

#5 Bi_Mwananyamala

Mzee wangu shikamoo. Hiyo ya bweni la Moscow nitaomba ruhusa yako niitumie kwenye semina, ni funzo lililokamilika.

Ninakuunga mkono kwenye kujua. Hapo kwa Kongwa na Mazimbu ndo penyewe. Mtoto anakwenda Marekani anakutana na Wamarekani weusi, hajui kwamba Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikua na makao yake Dar kuanzia 1963, hajui ANC walijenga chuo kizima Mazimbu pale Morogoro na leo ni kampasi ya SUA, hajui Malcolm X alifika Dar Oktoba 1964. Wenzake wanayajua! Wanamuuliza yeye, anatoa macho.

Ila mzee nikuulize kwa heshima. Mkiulizwa kule kuhusu operesheni vijiji, watu waliohamishwa kwa nguvu na nyumba zao kubomolewa, mlikua mnajibuje?

#6 Mzee_wa_Ruvu

Marahaba mwanangu. Tulielekezwa kwamba hayo ni mambo ya ndani, hayaongelewi mbele ya wageni. Na Warusi nao walikua hawaulizi, maana wao ya kwao yalikua mazito zaidi. Nakuelewa unakokwenda. Leo mtoto anaulizwa na mtu mwenye intaneti mfukoni, ukimwambia ni ya ndani anafungua simu anakusomea.

#7 Sie_wa_Mkunazini

Assalam alaykum. Mie natoka Unguja, nilikua YES mwaka wa nyuma huko. Hilo la Zanzibar ni nchi au si nchi mie niliulizwa hasaa, tena na mwalimu wa historia, mbele ya darasa, na pembeni yangu kakaa mwenzangu wa Mwanza tuliokuja pamoja. Semina hakuna alolitaja. Mie nikasema ni nchi, mwenzangu akasema ni sehemu ya nchi, watoto wa Kimarekani wakacheka, tukagombana mpaka kwenye basi la shule.

Tungekaa tukalizungumza huku kwetu kabla, tungewaambia tu yaliyopo: Muungano ulikua 26 Aprili 1964, Zanzibar ina rais wake na baraza lake la wawakilishi na bendera yake, haina kiti Umoja wa Mataifa, na wenyewe hatukubaliani mpaka leo. Hayo ndo maelezo, na kutokubaliana ni sehemu ya maelezo. Kwa hivyo Bi Mwananyamala nakuomba kwenye hicho kiti chako uwakalishe wa visiwani na wa bara pamoja, waulizane wao kwanza.

#8 Bi_Mwananyamala

Sie_wa_Mkunazini wa alaykum salaam mdogo wangu. Hili nalichukua lilivyo. Tunawaandaa kama vile watajibu peke yao wakati wanasafiri kundi, na wenyeji wanawasikia wakipingana. Nawaweka viti viwili.

#9 Wanjiku_wa_Thika

Majirani nimesoma hii uzi yote, niruhusuni niingie. Mimi nilikuwa huko na Mandela Washington Juni 2024. Tarehe 25 vijana wakaingia bunge letu Nairobi juu ya ule mswada wa fedha, watu wakapigwa risasi, siku ifuatayo rais akasema hatasaini. Mimi niko kwa ukumbi wa chuo huko Marekani na simu haitulii, na mwenyeji wetu akaniomba kwa upole kama naweza kuwaeleza wenzangu kinachoendelea nyumbani. Nilikuwa na uchungu na sikuwa nimejiandaa lakini nilisimama. Nikawaambia mswada ulikuwa unataka nini, mkate, pedi, mafuta ya kupikia, nikawaambia nani ameandamana na kwa nini hawakuwa na kiongozi mmoja, na nikawaambia kuna watu wamekufa na bado tunahesabu. Sikusema serikali yetu ni shetani na sikusema ni malaika. Mwenzetu kutoka Nigeria akasimama akaeleza End SARS ya 2020, yale maandamano yao ya kupinga ukatili wa polisi, na jioni hiyo ndiyo iliyotufanya tuwe kitu kimoja kuliko mihadhara yote.

Ninachotaka kuongeza ni hii, muwaandae pia kwa siku ambayo nyumbani kutachafuka ukiwa mbali. Uongee au usiongee, uposti au usiposti, nani wa kupigia. Hiyo haiko kwa kijitabu chochote.

Na hii kazi si mpya kwetu. Ndege ya kwanza ya Tom Mboya ya kupeleka wanafunzi Marekani iliondoka 1959 na watu 81, mwaka uliofuata Wangari Maathai akaenda Kansas, mji mdogo wa Atchison, chuo cha masista. Wengi huko hawakuwa wamewahi kuona Mkenya. Alirudi na shahada, na miaka ya baadaye akapinga hadharani jengo refu ambalo serikali ilitaka kujenga Uhuru Park. Hakurudi akiwa Mmarekani.

#10 Mkata_Issue

Wanjiku hapo kwa Wangari umenipata. Haya nakubali kwamba inategemea na mtu. Ila bado nasema hela zao zina ajenda.

#11 Baba_Nusra

Dada habari. Mwanangu kachaguliwa, ana miaka 16, anaondoka Agosti, na mama yake halali. Hayo ya Muungano na Loliondo sawa, ila mimi naomba ya nyumbani. Anakwenda kuishi na watu tusiowajua, wana mbwa ndani ya nyumba wametutumia mpaka picha yake yuko kwenye kochi. Mtoto anaswali. Tufanyeje?

#12 Bi_Mwananyamala

Baba Nusra hongera sana, na mpe pole mama. Umeuliza jambo ambalo ndo ubalozi wenyewe, maana kule mtoto ataonwa jikoni na sebuleni mara mia kabla hajaulizwa siasa hata mara moja.

La mbwa. Familia za kule mbwa ni mtu wa nyumbani, akimkimbia wanajisikia wamekataliwa wao. Msiwaambie juujuu kwamba mbwa ni mchafu. Mtoto aandike mwenyewe mapema, aeleze kwamba akiguswa na mate ya mbwa anatakiwa kuosha namna maalum kabla ya swala, kwahiyo anaomba mbwa asiingie chumbani kwake na apate sehemu safi ya kutandika mswala, na aongeze kwamba angependa kumjua mbwa wao hata kwa mbali. Wengi wakielezwa hivyo wanaelewa, wanaweka hata kijizuio mlangoni. Kinachoharibu ni kukaa kimya miezi mitatu afu kulipuka. Na mwambieni mratibu sasa hivi, msisubiri afike.

La chakula, na hili nalirudia kila semina. Sisi tumelelewa ukikaribishwa mara ya kwanza unasema nimeshiba, ahsante, unasubiri ubembelezwe. Kule habembelezwi mtu. Ukisema umeshiba sahani inaondoka. Nimeshuhudia mtoto analala njaa kwenye nyumba yenye friji mbili kwa sababu ya adabu, na mama mwenye nyumba anapiga simu kwa mratibu analia anadhani mtoto anachukia chakula chake. Mwambieni akiwa na njaa aseme ndio mara ya kwanza. Na ya nguruwe aseme siku ya kwanza kabisa, aangalie na vitu kama jelatini kwenye peremende.

Afanye kazi za nyumba bila kuambiwa. Mtoto wa kiume hasa, mfundisheni kuosha vyombo kuanzia leo, kule akikaa anasubiri dada amtolee sahani atakua amewaambia kitu kuhusu Tanzania ambacho hatutaki kisemwe.

Viungo vya pilau vikavu abebe, avitangaze uwanja wa ndege, asifiche kitu. Nyama na vitu vya nyama asibebe kabisa. Awe ameshapika pilau mwenyewe nyumbani angalau mara kadhaa, sio kupiga video koli kwa mama saa nane za usiku za huku. Zawadi ya khanga ni nzuri ila someni kilichoandikwa kabla hamjanunua, kuna khanga za kupigana vijembe mtaani na mama mwenyeji atataka aelezwe maneno yale mbele ya wageni wake.

Na ataulizwa kuhusu ugaidi kwa kuwa ni Muislamu, tena pengine na mtoto mwenzie kwa ubaya. Mkalisheni chini mumwambie kuhusu 7 Agosti 1998. Watu 11 walikufa Dar kwenye ubalozi wa Marekani, Nairobi zaidi ya 200, na wengi mno ni watu wetu, Wakristo na Waislamu, walinzi, makarani, wapita njia. Akiulizwa aseme hilo. Wamarekani wengi hawajawahi kufikiria kwamba bomu lililolengwa wao lilituua sisi, na wakisikia kwa kijana wa miaka 16 aliyekulia mji huohuo wanakaa kimya wanasikiliza.

#13 Baba_Nusra

Dada Mungu akubariki. Nimempa simu mama yake asome. Vyombo anaanza leo.

#14 Teacher_Iringa

Mimi naondoka FLTA mwaka huu. Naomba kujua darasani nitegemee nini, na kitu gani kitanishtua.

#15 Bi_Mwananyamala

Teacher_Iringa karibu kwenye familia. Kuna watu wawili utakutana nao ambao hukuwategemea.

Wa kwanza ni mzee wa Kimarekani atakayekufuata maktabani au kanisani akuamkie "hujambo mwalimu" kwa lafudhi ya Singida. Tanganyika ilikua miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kupokea Peace Corps, 1961 hiyo, na waliokaa huku vijijini wametapakaa kila jimbo. Hao ni hazina. Wana picha, wana kumbukumbu za kijiji ambazo wewe huna, waalike darasani.

Wa pili ni jumuiya ya Wamarekani weusi itakayokuomba uongee kwenye Kwanzaa, sikukuu yao ya kuenzi asili ya Kiafrika, kuanzia Desemba 26 mpaka Januari mosi. Iliasisiwa 1966 kulekule, nguzo zake saba zina majina ya Kiswahili, mojawapo ni Ujamaa, na sisi huku hatuiadhimishi kabisa, Watanzania wengi hawajawahi hata kuisikia. Usiende kuwaambia "hii sio ya kwetu, mmekosea". Watu hawa waliibiwa lugha zao, wakaitafuta mojawapo ya Kiafrika wakaishika kwa mikono miwili. Isome kabla hujaondoka, nenda na heshima, na ukiulizwa ujamaa kwetu ulikuaje waambie yote, shule na zahanati zilizojengwa na operesheni ile niliyomuuliza mzee hapo juu.

Darasani kuna atakayeuliza kama Kiafrika kinaongewaje. Usikasirike, mchoree ramani, mwambie Tanzania peke yake ina lugha zaidi ya 120, afu endelea na ngeli.

#16 Fundi_wa_Maneno

Na kurudi je? Rafiki yangu karudi na mawazo kibao, ofisini wakamwita Mmarekani, mwaka haujaisha kanyamaza kabisa.

#17 Bi_Mwananyamala

Fundi hili nalo liingie kwenye semina ya kuondoka, sio ya kurudi, kwa sababu ya kurudi haipo au ni chai na vitumbua. Viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana, kwa wengi wa programu hizi ina sharti la kurudi kukaa nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba viza za kazi za kule, kwahiyo kurudi utarudi. Ninawaambia kabla hawajapanda ndege waandike jina la mtu mmoja ofisini au shuleni kwao watakayekua wanamwandikia kila mwezi, mkuu wake au mwenzie, anamweleza anachokiona na anauliza mambo yanaendaje huku. Anayerudi akiwa ameandika hivyo hakuti watu wamemsahau, na hakuti wazo lake ni geni. Anayekaa mwaka mzima anaposti picha za theluji tu, akirudi wanamwita Mmarekani na siwalaumu.

Rafiki yako mwambie ani-PM, tuna kikundi cha waliorudi tunakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na tunatafuta watu wa kukalia vile viti viwili mwezi wa sita. Sie_wa_Mkunazini na wewe nakutegemea, ukimpata yule mwenzio wa Mwanza njoo naye.